Uji Niliowapa Wasichana wa Nchiru

Niliaibika mbele ya Manyatta nzima, huku kwetu Embu, pasta wetu akiwa kiti cha mbele, kwa hivyo wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wale wa kuongeza chumvi.

Siku hiyo ilikuwa fainali ya mpira wa magongo ya wasichana, vilabu vya Embu na Meru, kwa uwanja ulio chini ya shamba langu. Mjukuu wangu Muthoni ndiye kapteni wetu, na wiki nzima hakulala vizuri, kwa sababu kuna mwalimu wa shule kubwa alikuwa anakuja kuchagua wasichana wa kusomeshwa bure, na alisema atachagua kwa timu itakayoshinda. Mimi mchezo wenyewe siujui (naona tu watoto wameinama wakifukuza kampira na fimbo kama wanaoua panya), lakini mtoto akitaka kitu kwa roho yote, hiyo naijua.

Sasa kabla ya mechi wasichana wa Nchiru, timu ya Meru tuliyokuwa tucheze nayo, wakaja mlangoni kwangu kuomba maji. Maji matupu, nimpe mtoto wa wenyewe aliyetoka Meru asubuhi? Nikawatolea uji wa wimbi uliochacha siku tatu, ule unaouma ulimi, na walipomaliza nikawaongeza (nani humpimia mgeni kama mgonjwa?). Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni akiona, ndio apewe. Mimi sikuonja. Sisi akina mama wa kanisa tulikuwa tumefunga mpaka jioni, nikasema Mungu anajua roho yangu. Mungu alijua. Kocha wao hakujua.

Wakakimbia na jua lile kidogo tu, mmoja akashika tumbo akatapika katikati ya uwanja, mwingine akafuata, golikipa akatupa fimbo akakimbilia migomba yangu. Wetu wakafunga mabao, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, mjinga mimi. Mechi ilipoisha kocha wao, kijana mwembamba, akauliza wasichana wamekula wapi, na wote wakaninyooshea kidole.

"Shosho, ulionja mbele yao?"

"Sikuonja. Nimefunga."

"Ukafunga siku ya fainali?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Huyo ndiye aliyecheza vizuri kuliko wote, mpeni kombe!"

Hasira ikanipanda. Nikaenda nyumbani nikarudi na uji uliobaki, mtungi ule ule, nikasimama mbele ya meza ya wageni, nikasema, "Angalieni nyote," nikanywa bila kupumua, mfungo umevunjika, pasta ananitazama. Tumbo lilikuwa tupu tangu jana yake. Sikufika hata pembeni. Uji wote ulirudi pale pale, ukamwagikia viatu vya yule mwalimu wa shule kubwa.

Sasa hakuna aliyecheka.

"Mmeona wenyewe," kocha akasema, polepole.

Waamuzi wakanong'onezana, wakafuta matokeo, kombe likarudishwa ndani ya gari. Mechi ikarudiwa Nchiru, mashabiki wa huko wakiimba, "Leo uji uko wapi?" na wetu wakapigwa. Muthoni hakuchaguliwa.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliingia jikoni kwangu na viatu vya mchezo bado viko miguuni, akakaa, akasema, "Cucu, tungewashinda siku ile hata wakiwa wazima."

Nikainama nikamfungua kamba za viatu.

Tangu niolewe mlango wangu haujawahi kufungwa mchana. Sasa nimenunua kufuli, na siku za mechi nalitia kwa nje, nazunguka naingia kwa jikoni, nakaa kimya mpaka filimbi ya mwisho. Wakibisha, wabishe.