Mtu wa Chini ya Bakuli

Juzi nilikuwa Mishomoroni, barazani kwa bibi mmoja jirani wa dada yangu, alipoingia mgombea kiti na wapambe wake.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uji."

Uji wa pilipili manga ukaja katika bakuli kuukuu la kaure, ambalo babu yake bibi, baharia, alilitoa Ulaya. Lilitengenezwa huko kwa ukumbusho wa uchaguzi wa zamani, na aliyelichora ndani hakumstahi mtu.

Mgombea alitaka kuonja tu aende zake, lakini huku kwetu mgeni habakishi uji mbele ya mwenyeji, sembuse mgeni anayeomba kura. Akanywa. Kila funda likafichua kitu: kwanza kofia ndefu, kisha kitambi cha bwana mkubwa, mwisho mkulima aliyekonda, kambeba bwana huyo mgongoni, mdomo wazi kwa kushangilia.

Mgombea akacheka mpaka akashika mbavu. "Wallahi, huyu ni mpinzani wangu! Kitambi hiki nakijua!" Akalipiga picha, akaaga.

Nikamuuliza bibi kama hakuogopa kumuudhi.

"Kumuudhi kwa lipi? Huyo mpinzani wake alikuja jana. Alicheka vivyo hivyo, akamtaja huyu."

Akalisuuza bakuli, akanijazia na mimi. Nikanywa mpaka chini. Bwana wa kofia sikumtambua hata kidogo. Niliyemtambua ni yule aliyembeba.