Pingili Mia na Kumi na Nane za Ng'washi

Cheni ya pikipiki iliyotoka nayo kiwandani ikifika miaka mitatu hapa Mwanza, mwenyewe ashukuru Mungu. Mchanga wa ziwa huitafuna kama muwa. Ya Ng'washi, muuza mapanki wa Mkolani, ilikuwa na miaka kumi na tano, na sproketi zake mbili ni zile zile za dukani. Fundi Nestory wa Mkuyuni aliinama akazikagua, akainuka akamtazama mama wa watu kana kwamba ni mchawi.

"Mama Suzana, meno ya sproketi yakichakaa huchongoka kama ya mamba. Haya bado butu! Unapaka nini hii cheni?"

"Oili na matusi."

Nestory akacheka. Alidhani ni utani.

Tangu pikipiki iingie nyumbani, mumewe Luhaga hakutaka kuchafua vidole. Kazi yake ilikuwa kupanda na kupiga honi. Kusafisha kulikuwa kwa Ng'washi, kila Jumamosi, kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, kisha tone la oili kila pingili. Shule hakuiona hata kwa dirisha, lakini kuhesabu alijua: pingili mia na kumi na nane. Ya kwanza aliitia rangi ya kucha nyekundu asipotee njia. Na ili hesabu isimponyoke, kila pingili aliipa kosa moja la mume wake. Mwaka wa kwanza makosa hayakutosha, ikabidi arudie. Luhaga, mtu mwenye bidii, akayatimiza.

Kisha akahamia Kamanga, ng'ambo ya maji, kwa Roza, mjane mwenye friji mbili. Pikipiki aliiacha. "Hicho chuma chakavu na wewe mtazeeka pamoja," alisema. Ng'washi akajifunza kuendesha. Alianguka mtaroni mara mbili, mara ya tatu akarudi na gunia zima la mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishaenda kwa wenye meno yao.

Ikapita miaka sita. Maneno ya fundi kuhusu cheni isiyochakaa yakavuka maji, yakafika Kamanga kabla ya kivuko. Jumamosi moja Luhaga akatokea, shati jipya, kadi ya pikipiki mfukoni, na Antoni, kaka yake Roza, kama shahidi. Alikwenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Yeremia. Ng'washi akaitwa aje na pikipiki. Majirani hawakuitwa, walikuja tu.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata mali yangu. Kadi hii hapa, jina langu."

"Marahaba, Ngosha, dume la Kisukuma. Umenenepa." Balozi akaisoma kadi. "Kadi ni yako kweli."

Ng'washi akaushika usukani kwa mikono miwili. Bila pikipiki, magunia yangerudi kichwani, na shingo yake ilishakataa tangu mwaka juzi.

"Ila aliyeitunza naye ana haki yake," balozi akaongeza.

"Kuitunza?" Luhaga alicheka. "Huyu hajui hata A! Kama aliitunza, aonyeshe alivyoitunza, hapa hapa, watu waone."

Hilo likawa kosa la mia na kumi na tisa.

Ng'washi akaisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, akachukua mswaki na kopo lake, akazungusha gurudumu hadi pingili nyekundu ikatokea.

"Moja," akadondosha tone. "Kwenye harusi ya dada yangu ulilewa ukamkumbatia shemasi ukidhani ni bibi harusi. Mbili. Uliuza mbuzi wa mama yangu ukanunua miwani ya jua. Tatu. Miwani yenyewe ukaikalia."

"Ngosha, umepatikana!" mtu akapiga kelele.

Kufikia ya kumi na tisa balozi alikuwa ameficha mdomo kwa kadi. Ya ishirini na tano ilimwangusha Dorcas jirani kutoka kwenye kigoda.

"Ishirini na saba," Ng'washi alisema kwa sauti ile ile. "Mtoto wetu wa pili alizikwa na majirani. Wewe ulikuwa kwenye mpira."

Hakuna aliyecheka. Yeye akadondosha tone, akasogeza gurudumu.

"Thelathini na nane. Ulimwambia Roza una miaka arobaini."

Antoni akainua kichwa. "Kwani shemeji una mingapi?"

"Thelathini na tisa," Ng'washi akaendelea na pingili yake. "Hii inahusu friji ya pili ya Roza, na yule msichana wa kuuza barafu..."

"Basi! Basi, mama Suzana!" Luhaga aliruka. "Mzee, nipe kalamu!"

Akasaini nyuma ya kadi kuwa pikipiki ni ya Ng'washi, akiwa ameiegemeza kwenye kiti cha pikipiki yenyewe. Balozi akatia sahihi yake chini. Luhaga akashika njia ya kivukoni, Antoni nyuma yake: "Msichana gani, shemeji? Shemeji! Barafu gani?"

Ng'washi akaisokomeza kadi kifuani, akaanza kufunga kopo. Watu hawakuinuka.

"Unafunga nini?" aliuliza Mzee Yeremia, akivuta kiti chake karibu. "Cheni haipakwi nusu."

Ng'washi akafungua kopo.

"Arobaini," akasema.