Polisi wa Barafu na Mama Mkwe Nyuma ya Jamvi

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja lazima aingie kwenye mihogo. Anayevunja mwiko hutozwa mbuzi, na wazee wa ukoo hawana haya: wanamla siku hiyohiyo.

Sasa fikiria masaibu yangu. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alitoka Koboko kuja kumsaidia mke wangu pale Arua, katika nyumba yangu ya vyumba viwili. Tukatundika jamvi katikati ya sebule. Upande huu mimi na redio yangu, upande ule yeye na mjukuu.

Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, redio ilitoa mchezo wa Kiingereza: polisi mmoja analinda mpaka wa nchi ya barafu, anasafiri kwa gari lisilo na magurudumu linalovutwa na mbwa, anakamata wezi wa ngozi za wanyama. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni ya Ediofe, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Nilimtafsiria mke wangu, naye akamrudia mama yake yote, ingawa mama alikuwa hatua mbili tu na masikio yake mazima.

"Uliza baba ya mutoto," jamvi lilisema, "ile polisi nakula nini kule?"

"Ambia mama, nakula nyama ya kukausha."

"Na mwenye kupikia yeye iko wapi?"

"Ambia mama, hana bibi."

Jamvi liliguna kwa huruma.

Ukweli ni kwamba Kiingereza cha watu wale kilikuwa na mbio kuliko mbwa wao, na nilipoachwa nyuma nilitunga. Jumanne moja nilimuua mwizi mkuu kwa risasi tatu. Alhamisi akarudi mzima, anacheka.

"Uliza yeye," jamvi likasema polepole, "huyu mutu nafufuka?"

Tangu siku hiyo hakuniamini tena. Maneno ya redio hakuyaelewa, lakini alitaka kuisikia mwenyewe sauti ya polisi wake.

Kwa hilo sikumcheka. Kifungua mimba wake alikuwa polisi, amepelekwa kulinda mpaka wa mbali kusini, na barua zake zilikuwa zimekatika tangu mvua za mwaka uliopita. Miaka ile ya utawala wa kijeshi, barua ikikatika, watu hawakuuliza kwa sauti. Yeye aliuliza habari za polisi wa barafu.

Basi ikafika Alhamisi ya mwisho kabla hajarudi Koboko. Polisi alikuwa ametumbukia kwenye shimo la barafu tangu Jumanne, na betri zangu zilikuwa zinakata roho. Madukani hazikuwepo, hata wafanyabiashara wa Kongo hawakuwa nazo. Nilikuwa nimezianika juani kutwa nzima juu ya bati, kama mtama. Redio ikakohoa, ikanong'ona, ikanyamaza. Nikiinua waya wa antena, sauti inarudi. Nikiuachia ili nishike kitufe cha stesheni, inapotea. Mke wangu alikuwa ananyonyesha.

Jamvi likafunuka. Mama mkwe akatoka kinyumenyume, kajifunika kanga kuanzia kichwani hadi kidevuni, anapapasa hewa. Aligonga stuli, akaomba radhi kwa stuli, akapanda juu yake na kuuinua waya, mgongo kwangu. Mimi nikafumba macho kwa adabu na kuzungusha kitufe. Tukakaa hivyo, mmoja kafunikwa, mwingine kafumba, tukimwokoa polisi.

Mbwa walibweka. Kamba ilivutwa. Halafu ile sauti yake nzito ikacheka.

"Ni yeye!" Mama mkwe aliruka chini, kanga ikaanguka, akageuka. Nami nilikuwa nimeshafumbua macho. Tukatazamana kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Akanipima kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe iko mufupi hivi," akasema.

Mke wangu alicheka mpaka mtoto akaachia titi. Nilijua mbuzi mmoja ameshakwenda. Lakini mama mkwe hakukimbilia nyuma ya jamvi. Alibaki ameshika waya, redio imeshazimika, machozi yanamtoka, akaniuliza mimi, si mke wangu:

"Kama huyu natoka kwa shimo, mutoto yangu pia natoka. Ama namna gani?"

Kutazamana kulikuwa bahati mbaya, na wazee wangeridhika na mbuzi mmoja. Kumjibu kungekuwa kusudi. Na habari za mwanawe sikuwa nazo hata chembe.

"Natoka, mama," nikamwambia. "Iko njiani."

Wazee walitaka mbuzi wawili. Mbuzi hao niliwafungua kamba mwenyewe.