Zamu Yangu ya Kugawa Uji

Sogea hapa karibu na cherehani, nikueleze jambo huku mikono ikiendelea na kazi. Lilinirudia leo asubuhi niliponusa uji ulioshika chini ya sufuria. Kuna mama anayewauzia uji madereva wa malori hapa Tunduma, jirani na kibanda changu cha ushonaji, na leo alichelewa kukoroga. Harufu ile ya unga ulioungua na moshi wa kuni ilinichukua moja kwa moja hadi darasa la tano.

Jina langu ni Sekela. Nilikulia wilaya ya Mbozi, katika kijiji cha kahawa kilicho mwendo wa mguu kutoka Itaka, na nina pumu ya ngozi tangu utotoni. Kama huijui, ni hivi: ngozi hukauka, huwasha, ukiikuna hupasuka, na ikianza kupona huacha magamba meupe. Mimi ilinishika mikononi, kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kule inapouma na vumbi linapopanda, vidole vyangu vilipasuka kama ukuta wa udongo. Nilijikuna kwa chochote kilichokuwa karibu: rula, gunzi la hindi, hata pembe ya dawati.

Shuleni kwetu wazazi walichanga mahindi, na saa nne tulikunywa uji. Sisi wa darasa la tano tulishika upawa kwa zamu, kila mtu siku yake. Usione ni jambo dogo. Mwenye upawa ndiye aliyeamua nani apate uji mwepesi wa juu na nani apate mzito wa chini. Siku hiyo hata wakubwa wa darasa la saba walikuita dada. Niliingoja zamu yangu tangu shule ilipofunguliwa.

Siku ilipofika, mama alitaka ning'ae. Alichemsha maji, akachukua sabuni ya mche na dodoki, akanisugua mikono kama anayesugua sufuria yenye masizi. Nililia.

"Vumilia, mwanangu," alisema bila kuacha. "Leo hakuna atakayesema mama yako hakuogeshi."

Nilikwenda shule mikono ikiwaka moto. Ilipofika saa nne ilikuwa imekauka na kuwa myeupe kuliko siku zote.

Nikashika upawa. Mbele kabisa ya foleni alisimama Obedi, mwanafunzi mwenzangu, ambaye palipo na chakula hakukubali kuwa wa pili. Akaitazama mikono yangu, akakirudisha kikombe chake kifuani.

"We Sekela, tunywe uji au tunywe magamba?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Sauti ikatoka nyuma: "Huyo atatuambukiza wote! Mpeni mwingine upawa!"

Mwalimu wa zamu akaja. Hakuwa mtu mbaya, na alisema kwa upole: "Sekela, mpe mwenzako. Utagawa siku ukipona."

Siku nikipona! Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilishajua kwamba siku hiyo haimo kwenye kalenda. Miguu ikakataa kusogea.

"Mwalimu, nimenawa," nikasema. "Mama amenisugua mpaka nimetoka damu. Hii ni ngozi yangu. Upawa siutoi."

Sikuwahi kumjibu mwalimu kabla ya siku ile. Nikachota uji, nikajaza kikombe changu, nikaunywa palepale mbele yao, taratibu, nikaramba midomo.

"Mtamu," nikamwambia Obedi. "Msiotaka kaeni pembeni. Nitaumaliza mwenyewe."

Sufuria ile ilikuwa na uji wa kutosha shule nzima, lakini kwa hasira niliyokuwa nayo ningejaribu.

Mama Tabu, mpishi wetu, alikuwa amekaa kwenye gogo la kuni. Akainuka, akakifuta kikombe chake kwa kanga, akakileta. "Nijazie, mwanangu. Na uwe mzito." Nikamjazia. Akapiga mafunda mawili, akamgeukia mwalimu. "Nawe nikuletee kikombe, mwalimu?" Mwalimu akakohoa, kisha akaitikia. Obedi alivumilia njaa kwa dakika mbili hivi. Alipokuja, nilimjazia hadi ukamchuruzika vidoleni. Hakuuliza tena habari za magamba.

Jioni nilimsimulia mama kwa majigambo mengi. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: "Walisema hujaoga?"

Wiki ileile alinipeleka zahanati. Muuguzi akatueleza ninayokueleza wewe: haiambukizi, si uchafu, wala si uzembe wa mama. Maji yawe vuguvugu, sabuni isiwe kali, dodoki hapana, na mafuta mazito ya mgando yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Tulipofika nyumbani, mama alilichukua dodoki, akaenda kulitupa shimo la choo. Alikaa huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile nilisimama peke yangu. Nilipopata mwanangu, naye akaanza kujikuna, ndipo nilipoelewa. Kila alipokuwa akinisugua, mama alikuwa akibishana na kijiji kizima. Alikuwa mkaidi kabla yangu, ila hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hana kosa lolote la kuondoa kwa dodoki.

Mikono hii bado hupasuka kila kiangazi. Siifichi kwenye glovu. Mteja akiuliza, "Dada, mikono imefanyaje?" humjibu, "Ni pumu ya ngozi, haiambukizi. Simama wima nikupime kiuno." Wapo wanaoondoka. Siwafuati.

Kwa hiyo, ukimkuta mtoto mwenye mikono kama yangu ameshika upawa, usimuulize atapona lini. Mpelekee kikombe chako.