Simba wa Bondeni kwa Bibi

Juzi nilichukua bodaboda kutoka Kisarawe mjini hadi kijijini Masaki, kuangalia shamba alilotuachia bibi. Kijana wa bodaboda aliponisikia nikisema kwamba pale bondeni nilishawahi kuona simba, alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Simba, mama? Hapa?" Ndiyo, hapa hapa, tena asubuhi kweupe.

Nilikuwa na miaka minane. Mahindi yalikuwa yameanza kukomaa, na mimi na bibi tulikuwa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti cha kulindia shamba, tukigonga debe kila nyani walipochungulia. Ghafla bibi akanibana goti. Chini, kwenye nyasi fupi, walikuwa wamejilaza simba jike wawili, na watoto watatu wakiwapanda migongoni, wakiwauma masikio, wakivizia mikia yao kama paka aviziavyo uzi. Mmoja aliteleza, akaanguka chali, akanyanyuka kama vile hakuna aliyemwona. Nilijiziba mdomo kwa viganja nisicheke.

Wale watoto walinyonya popote, kwa huyu na kwa yule, na hakuna jike aliyemfukuza wa mwenzake. Bibi akaninong'oneza, "Umeona? Kama wewe na mama yako mdogo." Maana mama aliugua aliponizaa, na mdogo wake ndiye aliyeninyonyesha pamoja na mwanawe.

Hapo tukakumbuka, sote kwa pamoja: mama mdogo alikuwa njiani akituletea uji, na njia ilipita pale pale bondeni. Nikaanza kulia. Bibi aliliangalia debe, akawaangalia wale simba. Akiligonga, wangeweza kuja juu. Mwenye watoto hatabiriki. Mara tukasikia mama mdogo akiimba kwa mbali. Bibi akaligonga debe kwa nguvu zake zote.

Majike waliinuka wakatutazama. Kisha mmoja akamdaka mtoto shingoni kwa meno, taratibu kabisa, akaingia naye kichakani. Mwenzake akatoa mngurumo mdogo wa chini, na watoto wawili waliobaki wakamfuata mbio, wakijikwaa.

Mama mdogo akatokea na chungu chake kichwani. "Nyani leo wamewashinda?" Niliruka kutoka dunguni nikamkumbatia kiunoni, uji ukamwagika, na bibi akacheka hadi akakaa chini.

Tulipofika kijijini, kwa maelezo ya bibi, majike walikuwa wanne. Ilipofika alasiri, kwa jirani, walikuwa saba, na dume mwenye manyoya hadi magotini. Kila mara bibi alinigeukia: "Si kweli, mjukuu wangu?" Nami niliitikia kwa sauti: "Kweli, bibi!"

Sasa bonde ni mihogo mitupu na visiki vya wachoma mkaa, na simba wamehamia mbali. Nikisimulia siku hizi, huwataja wale wale wawili na watoto watatu. Hakuna tena wa kuniongezea.