Maji ya Kisima Kitakatifu Niliyoyachota Kwenye Pampu

Mhusika wa kosa hili ni mimi, afisa maji mstaafu, mkazi wa mji wa Buffalo. Mama Furaha, mgonjwa wa magoti, aliniagiza maji ya kisima kitakatifu cha kijiji kimoja cha Uingereza. Nilipofika, nidhamu ya kazi ilinikataza kuchota kwenye kisima kisicho na mfuniko, nikajaza chupa kwenye pampu iliyo kando yake.

Jumapili niliporudi Buffalo, mbele ya kanisa zima, Mama Furaha alijipaka maji yale magotini, akasimama bila fimbo. Mwanawe Furaha alikuwa akitazama picha zangu za safari, akasoma kibao cha pampu.

“Mama, haya ni maji ya bomba, kama ya jikoni kwetu!”

“Donc, kwa hiyo, mzee,” mama akaniuliza, “ni nani amenisimamisha?”

Ninalitaka baraza la kijiji kile lieleze kwa maandishi kwa nini pampu ile ilijengwa hatua mbili kutoka kisimani.