Gumba

Mtaani walimwita Gumba, naye hakuchukia. Jina lilitokana na kidole gumba cha mkono wake wa kulia, kilichokuwa ndicho kipimo cha karakana. Injini ikishafumuliwa, aliipaka mafuta pini inayounganisha pistoni na mkono wake, akaichomeka tunduni na kuisukuma kwa kile kidole. Ikiingia polepole, kama mgeni anayeona haya mlangoni, ni sawa. Ikidai nyundo, imebana. Ikiteleza yenyewe, imelegea, na injini itagonga hadi majirani wahame. Vipimo vya chuma vilikuwemo kabatini, ila kwake vile vilikuwa vya watu wasiojiamini.

Tatizo ni kwamba vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Daktari alimwambia ni kisukari. Yeye hakumwambia mtu, hata mkewe, akaendelea kusukuma pini na kutikisa kichwa kwa madaha kama mtu anayesikia kitu.

Siku hiyo ilikuwa injini ya mashine ya kusaga, mali ya mjane mmoja aliyelisha watoto kwa mashine hiyo hiyo. Gumba akapima, akasema safi, akaenda kunawa. Aliporudi kuchukua miwani alimkuta binti yake, fundi mwenzake, ameichomoa ile pini na kuibana kwenye kipimo. Hasira zikampanda.

"Unafanya nini?"

"Narudia, baba. Hii inacheza."

"Tangu lini unarudia kazi yangu?"

"Tangu lile lori la matofali."

Lile lori! Alikuwa amejisifia injini yake kwa wakwe, kwa wateja, hata msibani. Alitaka kufoka, badala yake akaketi juu ya tairi. Binti akaeleza taratibu kwamba alishaona siku nyingi kuwa vidole vinamdanganya, akaogopa kumvunja moyo, na kwamba wateja wanafuata jina la baba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na mwanawe, na pengine ndiyo heri, ingawa aibu ilimchoma vibaya.

Mara mjane akaingia.

"Mzee Gumba, umeipima mwenyewe? Maana ikiharibika tena, sina pa kushika."

Neno moja tu lingetosha kulilinda jina lake. Binti aliinamisha kichwa, tayari kumwachia aliseme. Gumba akaitazama mikono yake, ikiwa imelowa bado, na hata ubaridi wa maji hakuusikia.

"Nilipima, nikakosea," alisema. "Vidole vyangu havisikii tena. Binti yangu karudia, na anasema pini imelegea. Shika neno lake."

Mjane akamgeukia binti.

"Sasa tufanyeje, fundi?"

Gumba akafungua mdomo kujibu, halafu akang'amua kwamba hakuulizwa yeye.